Kosa, kasoro na hitilafu: msamiati wa makosa ya programu na upimaji wake, pamoja na mchezo wa marudio darasani

Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu za kompyuta kwa Kiswahili hukutana mapema na neno kosa. Hulisikia katika maelezo ya mwalimu, hulisoma kitabuni, na baadaye hulikuta kwenye skrini. Neno hilo moja hubebeshwa mambo matatu: kuteleza kwa mwandishi wa programu, ubovu uliobaki ndani ya msimbo, na tukio la programu kufanya yasiyotarajiwa mbele ya mtumiaji. Taaluma ya upimaji wa programu huyatenganisha mambo hayo matatu, na Kiswahili kina neno linalofaa kwa kila moja. Makala hii inapendekeza mgawanyo huo wa matumizi, inapitia istilahi za upimaji zinazohusiana nao, kisha inaeleza mchezo wa kurudia msamiati huo darasani.

Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunisimulia habari za mama yake, aliyekuwa akilipa kwa simu mchango wa chama cha kuweka na kukopa. Mtandao ulikatika upande wa chama, na skrini ikaandika: "Umefanya kosa." Mama yule alifunga safari hadi ofisini. Hakwenda kuulizia fedha zake. Alikwenda kuomba radhi. Mfasiri wa ujumbe ule hakukosea sarufi. Alikosea mtendaji.

MANENO MATATU YA MSINGI

Kosa (ngeli ya LI-YA, wingi: makosa)

Kosa ni kitendo cha mtu. Mwandishi wa programu amesoma vibaya maelezo ya kazi, amesahau alama, au amedhani jambo lisilo kweli. Vitenzi vinavyoandamana nalo ni kufanya kosa, kutenda kosa, kukiri kosa, kusamehe kosa. Vyote vinahitaji mtu. Kwa sababu hiyo, sentensi "programu imekosea" haifai katika maandishi ya kitaalamu, kwani programu hufanya ilivyoandikiwa. "Programu imekosa" ni mbaya zaidi, kwa kuwa kitenzi kukosa kina maana mbili: kutenda kosa na kutopata kitu. Msomaji atauliza programu hiyo imekosa nini.

Kasoro (ngeli ya I-ZI)

Kasoro ni upungufu uliomo ndani ya kitu. Maana ya kupungua bado ni hai katika usemi wa saa: saa mbili kasoro robo ni saa mbili iliyopungukiwa na dakika 15. Katika programu, kasoro ni sehemu ya msimbo isiyolingana na ilivyopaswa kuwa. Kasoro huwamo, hubaki, hufichika, hugunduliwa na kuondolewa. Yaweza kulala humo miaka mingi bila kumdhuru mtu.

Hitilafu (ngeli ya I-ZI)

Hitilafu ni tukio. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutofautiana, na maana hiyo ingali hai tunaposema kwamba kuna hitilafu baina ya ndugu wawili. Katika vyombo vya habari tumelizoea kwa mitambo: hitilafu ya umeme, ndege iliyopata hitilafu. Katika upimaji wa programu maana zote mbili hukutana, kwani hitilafu ni tofauti kati ya tokeo tarajiwa na tokeo halisi, inayojitokeza programu inapofanya kazi. Hitilafu hutokea, hujitokeza, hujirudia na hukoma. Haiandikwi katika msimbo. Kilichomo katika msimbo ni kasoro.

Mfano mmoja utaonyesha mnyororo wa maneno haya. Maelezo ya kazi yanasema: "Mwanafunzi anayepata alama 50 au zaidi amefaulu." Mwandishi wa programu, kwa haraka, anaelewa "zaidi ya 50". Hilo ni kosa. Katika msimbo anaandika sharti la alama kuwa kubwa kuliko 50. Hiyo ni kasoro. Wanafunzi wa alama 37, 62 na 81 wanapita na majibu yao ni sahihi, kasoro imelala. Siku anapofika mwanafunzi mwenye alama 50 kamili, skrini inaandika kwamba ameshindwa. Hiyo ni hitilafu.

Kwa hiyo tunasema: kosa la mwandishi liliacha kasoro katika msimbo, na kasoro ikaleta hitilafu. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa kutumia neno kosa mahali pote patatu, na utaona kwamba habari yake inapotea.

Mnyororo huu haukamiliki kila mara. Kuna makosa yanayogunduliwa kabla hayajaandikwa, na kuna kasoro zisizoleta hitilafu mpaka mazingira yabadilike. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliharibika angani chini ya dakika moja baada ya kuruka kwa mara ya kwanza. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda upande. Namba ya biti 64 ikageuzwa ili iingie katika nafasi ya biti 16, nayo haikuenea. Msimbo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni safari, na kasoro iliyolala ikaamka.

AINA TATU ZA MAKOSA YA PROGRAMU

Vitabu vya kufundishia hugawa makosa ya programu katika mafungu matatu: ya sintaksia, ya utekelezaji na ya mantiki. Mgawanyo huu hautokani na mnyororo tuliouona. Wenyewe unatazama ni lini tatizo linaonekana. Hata hivyo, maneno yetu yanasaidia kuueleza.

Kosa la sintaksia ni kuvunja kanuni za uandishi wa lugha ya programu, kwa mfano kusahau kufunga mabano. Neno kosa linakaa vizuri hapa, kwa sababu kinachotajwa ni alichofanya mwandishi, na kompyuta hukataa kabla ya kazi kuanza.

Hitilafu ya utekelezaji hujitokeza programu inapokuwa kazini, kwa mfano inapotakiwa kugawanya kwa sifuri. Hapa kinachotajwa ni tukio, kwa hiyo hitilafu ndilo neno.

Kasoro ya mantiki ndiyo ngumu kuliko zote. Programu inaanza, inafanya kazi na inamaliza kimya, lakini jibu si sahihi. Mfano wetu wa alama 50 ni wa fungu hili. Kwa kuwa hakuna kelele yoyote, ni majaribio tu yanayoweza kuifichua.

MANENO JIRANI

Dosari (I-ZI) hutumika kwa doa linalopunguza ubora wa kitu. Laweza kutumika badala ya kasoro katika maandishi ya kawaida, lakini mfasiri achague moja na kulishika katika kazi nzima. Msomaji wa maandishi ya kitaalamu akikuta maneno mawili, hudhani ni vitu viwili.

Ila na walakini, katika usemi kama "mpango huu una walakini", hudokeza tatizo bila kulitaja. Yanafaa katika mazungumzo. Katika ripoti ya upimaji, ambayo kazi yake ni kutaja, hayafai.

Mdudu (A-WA) huletwa na wale wanaotafsiri msemo wa mafundi wa Marekani. Kisa chake kinajulikana: tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi ya mtambo, wakambandika katika daftari la kazi pamoja na maneno ya utani. Grace Hopper, aliyekuwa katika kundi hilo, alikisimulia kisa hicho mara nyingi na kukieneza. Lakini msemo wenyewe ni mkongwe kuliko nondo yule. Wahandisi wa Marekani walikuwa wakiutumia tangu karne ya 19, na ndiyo maana utani ulieleweka.

Kwa Kiswahili, mdudu ana kazi nyingine tayari. Tunapozungumzia ugonjwa, wadudu na vidudu ni vijimelea vinavyoingia mwilini kutoka nje. Mwanafunzi akiambiwa kwamba programu ina mdudu, huelewa kwamba kuna kitu kimeivamia, na huchanganya na virusi vya kompyuta. Kasoro haiingii kutoka nje. Imeandikwa humo na mtu. Ninapendekeza mdudu abaki katika utani wa mafundi, na virusi vitajwe tu panapokuwa na programu ya uharibifu iliyotengenezwa kwa makusudi.

MSAMIATI WA UPIMAJI

Jaribio (LI-YA, wingi: majaribio). Mwalimu azingatie wingi wake. Jaribio moja, majaribio mengi. Lakini majaribu ni mitihani ya maisha au vishawishi. "Programu imepita katika majaribu" ni sentensi nzuri ya mahubiri.

Kupima na upimaji. Upimaji ni shughuli nzima: kupanga, kuandaa majaribio, kuyaendesha na kutoa ripoti. Jaribio ni kitendo kimoja ndani ya shughuli hiyo, chenye data ya kuingiza, tokeo tarajiwa na tokeo halisi. Tokeo tarajiwa huandikwa kabla ya kuendesha jaribio. Likiandikwa baadaye, mpimaji hushawishika kulilinganisha na alichokwisha kukiona.

Jaribio la mpaka ni lile linalolenga ukingo wa sharti. Kwa mfano wa alama, mpimaji huchagua 49, 50 na 51, kwa sababu kasoro hupenda kukaa mpakani. Hapa mfasiri ana wajibu mkubwa. "Kuanzia 50" na "50 au zaidi" zinaichukua 50 yenyewe. "Zaidi ya 50" haiichukui. "Hadi" ndiyo yenye utata: mtu akipewa likizo hadi Ijumaa, je, Ijumaa yuko kazini? Katika maelezo ya programu, andika "hadi na pamoja na", au taja namba ya mwisho waziwazi.

Uhakiki na uthibitishaji. Uhakiki hujibu swali: je, programu inalingana na maelezo yaliyoandikwa? Uthibitishaji hujibu swali: je, inamfaa aliyekusudiwa kuitumia? Mfano wa saa unatofautisha vizuri. Maelezo ya kazi yanasema tiketi ya basi ionyeshe saa kwa mfumo wa saa 24. Programu inaandika 08:00, na uhakiki unapita bila pingamizi. Abiria aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anasoma "saa nane", anafika mchana, na basi limeondoka saa sita zilizopita. Msimbo unalingana na maelezo. Maelezo ndiyo yaliyomsahau abiria.

Kusaka kasoro na kuondoa kasoro. Hizi ni kazi mbili, na mara nyingi hufanywa na watu wawili. Mpimaji huripoti hitilafu aliyoiona. Mwandishi wa programu husaka kasoro iliyoisababisha, kisha huiondoa. Ripoti isemayo "nimeona kasoro" wakati mpimaji hajafungua msimbo haina usahihi; alichokiona ni hitilafu.

Jaribio la marudio na jaribio la urejeo. La kwanza huendeshwa baada ya marekebisho ili kujua kama hitilafu ileile imekoma. La pili huangalia kama marekebisho hayo yameharibu kilichokuwa kizima, au kama kasoro ya zamani imerejea. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Jaribio la urejeo ndilo mlinzi wa methali hiyo.

Jambo moja la mwisho kuhusu kauli za ripoti. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alitoa hoja ambayo sasa ni msingi wa taaluma hii: majaribio yanaweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, lakini hayawezi kuonyesha kuwa hazipo. Kwa hiyo mfasiri asiandike "programu haina kasoro" pale ambapo ripoti inasema tu kwamba "hakuna hitilafu iliyoonekana". Sentensi ya kwanza ni ahadi. Ya pili ni ushahidi.

UZITO WA NENO

Nchini Uingereza, mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ulianza kuenezwa katika ofisi za posta mwaka 1999. Kasoro zilizokuwamo zilifanya mfumo uonyeshe upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Katika miaka iliyofuata, hadi 2015, mamia ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo, na baadhi yao walifungwa. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu huo, na mwezi Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta hukumu za wengi wao.

Kwa maneno ya makala hii, hitilafu ya mfumo ilisomwa kuwa kosa la mtu. Aliyeulizwa "fedha ziko wapi?" hakuwa na namna ya kuonyesha kasoro asiyoweza kuiona. Hatudai kwamba istilahi nzuri ingewaokoa watu wale. Tunachosema ni kwamba lugha isiyotenganisha kosa na hitilafu humpa mwenye mfumo njia rahisi ya kumtupia lawama mwenye kiganja kwenye kitufe.

MCHEZO WA MARUDIO: KITENDAWILI NA MJI

Mchezo huu unatumia utaratibu wa kitendawili anaoujua kila mwanafunzi. Unachukua dakika 40 hivi.

Maandalizi. Gawa darasa katika makundi ya watu watano au sita. Kila kundi lipewe kadi sita. Kila kadi ni "mji" na ina neno moja: kosa, kasoro, hitilafu, jaribio, uhakiki, uthibitishaji. Mwalimu aandae vitendawili 12 ambavyo majibu yake yamo katika msamiati uliofundishwa.

Uchezaji. Mtegaji husema "Kitendawili!", darasa huitikia "Tega!", naye hutega. Kundi lenye zamu hujibu kwa neno na sababu; neno bila sababu halihesabiwi. Likishindwa, mtegaji husema "Nipe mji", na kundi humkabidhi kadi moja ya hiari yake. Kundi linalofuata likipata jibu huichukua kadi hiyo, lakini kwa sharti moja: litunge papo hapo sentensi yenye neno lililo kwenye kadi, kwa upatanisho sahihi. Sentensi ikiharibika, mji hubaki kwa mwalimu. Kundi lenye miji mingi mwishoni ndilo mshindi.

Mifano ya vitendawili:

"Kipo siku zote, hakionekani, alipopita mwenye 50 ndipo kikauma." Jibu: kasoro. Sababu: ilikuwamo kabla ya tukio.

"Kiliahidiwa kimoja, kikaja kingine." Jibu: hitilafu. Sababu: tokeo halisi limetofautiana na tokeo tarajiwa.

"Kilizaliwa kichwani, kikashuka vidoleni, mashine haikijui." Jibu: kosa. Sababu: ni kitendo cha mtu.

"Nyumba imefuata ramani, mwenyewe hawezi kulala humo." Jibu: uthibitishaji. Sababu: uhakiki umepita, lakini programu haimfai mtumiaji.

Tahadhari kwa mwalimu. Mara ya kwanza nilipouendesha mchezo huu, kitendawili kimoja kilianza: "Limetoka kwa mtu..." Mwanafunzi wa nyuma alijibu kabla sijamaliza: "Ni kosa au jaribio, mwalimu. Umeshasema li-." Alikuwa amenikamata. Viambishi vya ngeli vilikuwa vinalitoa jibu nje kabla ya fumbo. Nililiambia darasa kwamba kosa lilikuwa langu, kasoro ilikuwa kwenye karatasi yangu, na hitilafu wameishuhudia: jibu limetangulia swali. Walicheka, na nadhani hakuna maelezo yangu mengine ya siku ile yaliyokaa vichwani mwao kama hayo.

Nilirekebisha kwa kuvihamishia vitendawili katika ngeli ya KI-VI, kana kwamba jibu lolote ni "kitu", au kwa kulifumba jibu ndani ya kisa cha mtu na nyumba yake. Kisha nikawapa wanafunzi kazi ya kuvipitia upya vyote 12, vikiwamo vile ambavyo havikuwa na tatizo. Walikuta kimoja nilichokuwa nimekigusa bila sababu, kikapoteza fumbo lake. Hilo lilikuwa jaribio la urejeo, na waliliendesha kabla sijawafundisha jina lake.

MATUMIZI KWA UFUPI

Tumia kosa pale tu unapoweza kujibu swali "la nani?". Tumia kasoro unapoweza kujibu "iko wapi?". Tumia hitilafu unapoweza kujibu "ilitokea lini?".

Katika ujumbe wa skrini, usimtaje mtumiaji ikiwa hahusiki. Badala ya "Umefanya kosa. Jaribu tena", andika "Hitilafu imetokea katika mfumo wetu. Malipo yako hayajapokelewa", ikiwa ndivyo ilivyo. Hata mtumiaji anapokuwa ameteleza kweli, neno kosa si la lazima: "Namba uliyoandika ina tarakimu 9, zinahitajika 10" inamwonyesha la kufanya bila kumhukumu.

Mama wa mwanafunzi wangu angeusoma ujumbe wa namna hiyo akiwa nyumbani, akasubiri mtandao urudi, na kulipa. Nauli ya kwenda kuomba radhi ingebaki mfukoni mwake.